MJUMBE ALIYEUTAWALA ULIMI WAKE

Mjumbe wa nchi hachukui upanga wala bunduki. Silaha yake ni ulimi, na ulimi usiotawaliwa humdhuru mwenyewe. Jambo hili twaliona katika maisha ya Benjamin Franklin, mwana wa mtengeneza mishumaa, aliyezaliwa Boston mwaka 1706.

Siku zile Marekani ilikuwa makoloni ya Uingereza, na Franklin alikaa London miaka mingi kuwasemea watu wa kwao. Mwaka 1774 aliitwa mbele ya Baraza la Mfalme, kwa sababu alikuwa amepeleka Boston barua za faragha za gavana. Wakili wa serikali akamtukana karibu saa nzima, na wakubwa wakacheka. Franklin, mzee wa miaka 68, alisimama kimya, uso wake usibadilike.

Makoloni yalipotangaza uhuru mwaka 1776, yalikuwa na upungufu wa fedha na merikebu za vita. Franklin akapelekwa Ufaransa kuomba msaada. Hakufanya haraka, alizifuata desturi za wenyeji, akangoja zaidi ya mwaka. Tarehe 6 Februari 1778 Wafaransa wakatia sahihi mkataba wa kusaidiana vitani.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1782. Franklin na wenzake walipatana na Waingereza masharti ya amani pasipo kufanya shauri na Vergennes, waziri wa Ufaransa, ingawa ndivyo walivyoagizwa. Vergennes akaandika barua ya lawama. Na wakati uo huo Franklin alikuwa akiomba mkopo kwake! Mwingine angalijitetea kwa ukali. Yeye alijibu kwa upole: akakiri kwamba wamepungukiwa na adabu, akamshukuru mfalme kwa wema wake, akakumbusha kwamba Waingereza wangefurahi kuwaona marafiki wamefarakana. Ufaransa ikakubali kukopesha livre milioni 6, fedha ya Kifaransa ya siku zile. Mkataba wa amani ukatiwa sahihi Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Basi, angalieni. Alipotukanwa na adui alinyamaza, maana jibu la hasira lingaliwapa wale wakubwa kicheko cha pili. Alipolaumiwa na rafiki alijibu, maana kimya kingaliuvunja urafiki. Kunyamaza peke yake si hekima, wala kusema peke yake. Hekima ni kujua wakati wa kila moja. Wahenga walinena: Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Maswali
1. Kwa nini Franklin alinyamaza mbele ya Baraza?
2. Vergennes alikuwa na haki ya kukasirika? Toa sababu.
3. Andika barua fupi ya kumtuliza rafiki uliyemkosea.