Mtume Mwanao kwa Maneno, Siyo kwa Kidole

Mdogo wangu wa Kambarage, Shinyanga, swali lako nimelisoma, na akina mama wengi wananiuliza hilohilo. Unasema mwanao anakaribia miaka mitatu, anaunganisha maneno mawili matatu vizuri tu, lakini ukimwambia aweke kikombe juu ya ndoo anakitumbukiza ndani ya maji. Mama mkwe anasema ni kiburi. Wewe roho haitulii, unawaza mengine makubwa zaidi. Kabla hamjafika huko, tuangalie kwanza kama neno "juu" limeshamwingia.

Mwaka 1973, Eve Clark, mtafiti wa lugha ya watoto wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliwapa watoto wadogo vitu na kuwaambia waviweke ndani, juu au chini ya vingine. Akagundua kwamba wale wadogo zaidi wana kanuni yao wenyewe. Kikiwapo chombo kilicho wazi, kitu kinaingia ndani, useme usemavyo. Kama hakuna chombo ila pana mahali bapa, kitu kinakaa juu. Kwa hiyo mtoto akiambiwa "weka ndani ya sufuria" akaweka, bado hujajua kama ameelewa, maana angeweka humo hata usingesema neno. Mwanao alikutana na ndoo iliyo wazi akafanya kama wenzake. Kiburi hakimo.

Jaribu leo jioni. Funika sufuria kifudifudi juu ya mkeka, mpe kijiko, umwambie: "Weka kijiko chini ya sufuria." Mikono yako ibaki mapajani, na macho yako yawe usoni kwake, yasiende kwenye sufuria, kwa sababu mtoto ni hodari wa kusoma macho ya mama yake. Akikiweka juu, usimgombeze wala usiseme "siyo hivyo". Inua sufuria kidogo, ushike mkono wake, mkisukume kijiko pamoja huku unasema "chini, chini ya sufuria". Ifunike tena. "Kijiko kiko wapi?" Mwache afunue mwenyewe, maana hapo ndipo anapocheka na hapo ndipo neno linapokaa. Kisha yeye afiche, wewe utafute, akuambie ukitazame wapi. Dakika tano zinatosha. Akichoka, acheni.

Sasa nikuambie jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Majumbani mwetu mtoto anatumwa tangu alfajiri mpaka usiku, na kule kutumwa ndiyo shule yenyewe ya kufuata maelekezo. Ila tunamtuma kwa kidole na kidevu. "Niletee kile pale." "Weka huko." Mtoto analeta, tunamsifu ana akili, kumbe amefuata kidevu tu. Na tukisema, tunasema "kwenye". Weka kwenye beseni: ndani yake, au juu ya mfuniko wake? Mtu mzima anajua, lakini anayejifunza umemnyima neno alilolihitaji. Angalia na "chini". Ukisema "weka chini", maana yake sakafuni. Ukisema "weka chini ya kiti", ni uvunguni mwa kiti. Mtoto aliyesikia la kwanza akaacha kitu katikati ya chumba hajakosea, amekutii. Basi kwa wiki kadhaa jilazimishe kutamka yote: ndoo iko kando ya mlango, kandambili ziko uvunguni mwa kitanda, ufagio uko nyuma ya pipa.

Baba yake kama yuko machimboni, Mwakitolyo au Nyarugusu, usidhani hana nafasi katika hili. Yeye ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wewe, kwa sababu simu haina kidole. Ficha mchembe uvunguni mwa kitanda, mtumie ujumbe kumjulisha ulipouficha, akipiga jioni weka sauti ya nje. Amwambie mwanawe: "Nenda ukaangalie chini ya kitanda, kuna kitu chako." Wewe kaa kimya, usigeuze hata shingo. Akienda moja kwa moja, amelielewa neno kwa sikio peke yake. Akikutazama wewe kwanza, umejua pa kuanzia kesho.

Usianze na maneno yote kwa mpigo mmoja. Ndani, juu na chini ndiyo hutangulia, kando na pembeni hufuata. Mbele na nyuma huchelewa, na kushoto na kulia usimsumbue nazo kabla hajafika darasa la kwanza au la pili. Kwa mbele na nyuma, achana na ndoo, maana ndoo haina uso. Tumia chenye uso. Watoto wa Usukumani tangu zamani wanafinyanga ng'ombe wa udongo, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbugani haununuliwi. Mfinyangieni ng'ombe na ndama, mjenge zizi la vijiti. Majani yawekwe mbele ya ng'ombe, ale. Ndama apite nyuma ya mama yake. Wote waingie ndani ya zizi, kisha mmoja atoke nje. Hapo unaweza kukaa naye nusu saa bila yeye kujua kwamba anafundishwa. (Visoda na mawe madogo usimwachie, bado anatia kila kitu mdomoni.)

Maelekezo yenyewe anza na jambo moja, kisha mawili: "Chukua kikombe, mpelekee bibi." Sema mara moja, halafu nyamaza, uhesabu moyoni mpaka kumi. Wengi tunaharibu hapa. Tunarudia mara nne, kila mara kwa maneno mengine na sauti ya juu zaidi, na mtoto analazimika kuanza upya kila mara. Umri wa kumtuma peke yake dukani kwa Mangi bado, barabara hairuhusu, lakini duka linaweza kuwa sebuleni: bibi ndiye Mangi, na mtoto anatumwa chumvi na kibiriti kitupu. Wakubwa wakicheza nyama nyama nyama uani, mwache ajiunge, kwani mchezo ule unamfundisha kusikiliza kabla ya kuruka.

Bibi akimsemesha Kisukuma, usimkataze. Lugha mbili hazimchelewishi mtoto. Mwambie bibi amtume vilevile kwa Kisukuma. Akielewa huko, basi kinachopungua ni maneno ya Kiswahili tu. Akikwama kote kuwili, hapo lipe uzito.

Lipe uzito pia kama akitimiza miaka mitatu hawezi kufuata agizo moja jepesi bila ishara, kama hageuki ukimwita akiwa amekupa mgongo, kama sikio linatoa usaha, au kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Kwa hili la mwisho usisubiri hata wiki. Wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha ni wachache kwetu. Hata Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwasomesha shahada mwaka 2008 tu. Kwa hiyo anza na masikio. Nenda kliniki na kadi yake, omba kuandikiwa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikibidi Bugando, Mwanza, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usikivu hafifu ukigundulika mapema una pa kupelekwa: hospitali ya Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017, na hapo kwenu, manispaa ya Shinyanga, Shule ya Msingi Buhangija inapokea watoto viziwi.

Siku ya kwenda, beba daftari. Andika maagizo anayoyafuata na yale yanayomshinda, kwa lugha gani, na kama ulinyoosha kidole au hukunyoosha. Daktari akikuuliza "anaelewa?", usimjibu ndiyo au hapana. Msomee.