Kupima Maji Yaliyomo Katika Theluji

Katika milima ya Sierra Nevada, magharibi ya Marekani, theluji ya majira ya baridi ndiyo ghala ya maji ya kiangazi. Msimamizi wa bwawa hana budi kujua mapema ni maji kiasi gani yatakayoteremka. Kijiti chenye alama za kina hakimsaidii sana: mita moja ya theluji mpya huweza kutoa maji ya kina cha sentimita 10 tu, hali theluji iliyoshindiliwa hadi majira ya kuchipua huweza kutoa sentimita 40. Kwa hiyo kinachotakiwa kupimwa ni uzito.

Chombo kilichokuja kuenea huko kilibuniwa na James Church ambaye, ajabu, alikuwa mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwapo ugomvi juu ya Ziwa Tahoe. Lango la ziwa likifungwa mno, maji yalifurika na kuharibu mali za wakazi wa ufukweni. Likifunguliwa mapema, wakulima na mitambo ya umeme ya Mto Truckee walipungukiwa baadaye. Church alitengeneza bomba la chuma lenye meno nchani. Lilididimizwa hadi ardhini, likang'olewa pamoja na theluji iliyomo, likatundikwa kwenye mizani iliyotiwa alama za kina cha maji. Mahali palepale palipimwa kila mwaka, na matokeo yakalinganishwa na wastani. Kwa uwiano huo akakadiria ziwa lingepanda kiasi gani.

Kazi hiyo ilidai watu wa kutembea mbali juu ya theluji. Katika miaka ya 1960 ikaanza kutumika mifuko bapa iliyojazwa kiowevu kisichoganda: theluji huikandamiza, na kanieneo husomwa kama uzito. Mtandao wa SNOTEL, ulioanza katika miaka ya 1970, ulipeleka vipimo hivyo kwa redio, mawimbi yakirudishwa ardhini na mikia ya vimondo. Tangu 2013 ndege zenye leza hupima mabonde mazima. Lakini leza huona kina tu. Densiti bado lazima ikadiriwe, na bomba lingali likibebwa mlimani ili kuihakikisha.

Wala uzito sahihi hautoshi. Mwaka 2021 huko California maji yaliyofika mabwawani yalikuwa machache sana kuliko yaliyotabiriwa, kwa kuwa ardhi iliyokauka iliyanywa njiani. Ndiyo sababu vituo vingi vya SNOTEL vina pia vipimo vya unyevu wa udongo.