Kuziba Mwanya wa Meno: Lipi la Haki?

 

Masala ya darasa yetu safari hii yametujia kwa mama mmoja wa mji wetu. Binti yake ana mwanya mdogo baina ya meno mawili ya mbele ya juu, na arusi yake i karibu. Ameona katika picha za simu meno ya watu yaliyoshikana, meupe kama chokaa, na yeye sasa ataka mwanya wake uzibwe kwa vigamba vya kauri viitwavyo vinia, na gharama yake itoke katika mahari. Jamaa mmoja amemwambia kuwa jambo hilo ni haramu na mwenye kulifanya amelaaniwa. Mwengine amemwambia kuwa mwili ni wake, afanye apendavyo. Mama atuuliza: lipi la haki?

Sisi twaona wote wawili wamesema kabla ya kutazama. Hukumu ya kitu haitoki ila baada ya kitu chenyewe kujulikana. Basi na tukijue kwanza.

Vinia ni kigamba chembamba, aghalabu hakifiki milimita moja, kilichofanywa kwa kauri au kwa utomvu mgumu wenye rangi ya jino. Kigamba hicho hugandishwa juu ya uso wa jino, na kikiwa kipana kidogo kuliko jino lenyewe, mwanya huzibika. Yasemekana aliyeanza kazi hii ni daktari wa meno wa California, Charles Pincus, mwaka 1928, alipowatengenezea waigizaji wa sinema meno ya kubandika ya muda tu. Baadaye, mwaka 1955, Michael Buonocore alieleza namna ya kulikwaruza jino kwa asidi ili gundi ishike, na hapo ndipo njia ilipofunguka ya kuvigandisha vikadumu.

Lakini yako mambo mawili ambayo picha hazisemi. La kwanza, mara nyingi daktari hulikwangua jino zima ngozi yake ngumu ya juu ili kigamba kipate nafasi, na ngozi hiyo ikiisha kuondolewa haioti tena maisha. La pili, kigamba hakidumu milele. Vingi vya kauri hukaa miaka kumi au kumi na mitano, kisha hutakikana vipya. Binti wa miaka ishirini atakayeanza leo atarudi kwa daktari mara kadhaa kabla ya uzee wake, na killa mara atalipa.

Sasa tutazame dalili. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa kwa Abdullahi bin Masud (r.a.) kuwa miongoni mwa waliolaaniwa ni wanawake wajitiao mianya katika meno kwa ajili ya uzuri, kwani hubadili umbile la Mwenyezi Mungu. Imam Nawawi aeleza ya kuwa wazee walikuwa wakiyachonga meno yao ili waonekane wasichana. Kisha abainisha kuwa katazo ni kwa mwenye kutaka uzuri. Ama mwenye kuhitaji kwa dawa au kwa ila iliyo katika jino, hapana ubaya.

Na ajabu ni hii: hadithi yasema juu ya kuufungua mwanya, na sisi twaulizwa juu ya kuufunga! Katika pwani yetu mwanya umehesabiwa pambo tangu zamani, na bibi zetu walisifiwa kwao. Leo mjukuu auonea haya. Meno ni yale yale. Kilichogeuka ni macho ya watu. Basi mwenye kulikata umbile lake kwa kufuata macho ya watu, atalikata mara ngapi?

Hata hivyo hatusemi kuwa killa kuziba ni haramu. Arfaja bin Asad (r.a.) alikatwa pua vitani, akatia pua ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru atie ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanamume, na juu ya hivyo aliruhusiwa kwa haja. Kwa hivyo aliyevunjika jino, au aliye na mwanya mpana umpotezao matamshi, au ufizi umeugua na meno yakaachana, au ila yake imepita ada ya watu hata ikamtesa, huyo arudisha umbile, habadilishi. Hapana lawama juu yake. Lakini aliye na meno mazima na mwanya wa kawaida, akayakwangua kwa kufuata mtindo tu, huyo ameikaribia sana ile sababu iliyotajwa katika hadithi, na sisi twamnasihi ajiepushe.

Baadhi ya wasomaji huuliza habari ya udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, basi kigamba hakina dhara. Wenzetu wa Hanafi hulifanya wajibu katika josho, na Hanbali katika yote mawili. Walakini kilichogandishwa kwa haja, kisichotoka ila kwa mashaka, hukumu yake ni kama jino.

Enyi wazazi, msiwafanyie haraka watoto. Mianya ya mbele kwa mtoto wa miaka minane au tisa ni jambo la kawaida, na mara nyingi hujifunga yatokapo machonge ya ukubwani, yapata miaka kumi na moja au kumi na mbili. Kwa mkubwa mwenye haja, ziko njia nyepesi zaidi: waya huyasogeza meno bila kuyakata, na utomvu mara nyingi hubandikwa pasina kukwangua. Wala msiwaendee wabandikaji wa saluni. Aliyekufanyia kazi hiyo na awe daktari wa meno aliyesajiliwa, kwani gundi mbaya huficha uozo, na ufizi ukavimba chini yake.

Ama binti yetu, jawabu yetu ni hii. Mwanya wake ni mdogo, haumuumizi wala haumzuii kusema. Mchumba wake amemwona nao, na akamposa nao. Mahari ni haki yake, haichukui mtu. Lakini tungependa asiitumie kununua deni la maisha mdomoni mwake. Na yule jamaa aliyemwita mlaaniwa na amwombe radhi, kwani laana si neno la kurushwa mezani pa chai.

Wallahu aalam.