Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee husema: «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Maana yake, mgeni akifika, nyumba inapata faida. Chakula kizuri kinapikwa, habari mpya zinasikiwa. Lakini je, mgeni akija, mwenyeji anapona kila mara? Someni habari ya Watwa wa Mgahinga.

1. Watu wa msitu

Penye mpaka wa Kongo, Uganda na Rwanda kuna milima mirefu ya volkano. Mitatu kati yake ni Muhavura, Gahinga na Sabinyo. Upande wa Uganda wa milima hiyo ni hifadhi ya Mgahinga. Watwa waliishi katika misitu ile tangu zamani sana. Waliwinda, walichuma matunda, walirina asali. Walijua mti upi unaponya na mti upi unaua. Msitu ulikuwa shamba lao na dawa yao.

Mwaka 1991 serikali ya Uganda iliweka hifadhi za Mgahinga na Bwindi, ili kuwalinda gorila na nyama wengine wa pori. Kuwalinda ni jambo jema, kwa maana gorila wa milimani walikuwa wamebaki wachache. Lakini Watwa walitolewa msituni, na wengi hawakupewa shamba wala malipo. Wakawa vibarua katika mashamba ya wengine. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikata shauri kwamba Watwa hawakutendewa haki.

2. Njia ya Watwa

Watu wa nchi za mbali hufika huko kuwaona gorila. Kila mmoja hulipa mamia ya dola, na kukaa na gorila ni saa moja tu. Pesa hizo hazifiki kwa urahisi nyumbani mwa Mtwa.

Mwaka 2011 ilifunguliwa njia nyingine katika Mgahinga, nayo inaitwa Njia ya Watwa. Hapo kiongozi ni Mtwa mwenyewe. Anawatangulia wageni msituni. Anapekecha vijiti mpaka moto unawaka. Anawaonyesha mtego, mti wa dawa na kazi ya kutafuta asali. Mwisho anawaingiza katika pango la Garama, mahali pa mababu zake, na wimbo unasikika gizani. Sehemu ya malipo huenda kwa chama kinachosaidia Watwa.

Basi Watwa wanaingia tena katika msitu wao. Lakini hawawindi wala hawalali humo. Wageni wakirudi, nao wanatoka.

3. Kulala kijijini

Wageni wengine hawalali katika hoteli. Wanalala nyumbani mwa watu wa kijiji. Bei yake ni ndogo. Kwa sababu gani? Nyumba ipo tayari, na viazi na maharagi yanatoka shambani. Tena pesa inabaki kijijini: kwa mama aliyepika na kwa kijana aliyechota maji.

Hesabuni mfano huu. Mgeni analipa dola 20 kwa mtu wa mjini. Huyo anachukua 15, na mwenyeji anapata 5. Mgeni mwingine anamlipa mwenyeji mwenyewe dola 12. Huyu wa pili amelipa kidogo, na mwenyeji amepata zaidi. Mtu wa katikati akifanya kazi, alipwe kazi yake. Lakini asile sahani ya mwenyeji.

4. Adabu ya mgeni na ya mwenyeji

Mgeni mwema huuliza bei mapema, tena huuliza nani ataipokea. Huomba ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa maana mtu si nyama wa pori. Hawagawii watoto pesa njiani, wasije wakazoea kuomba na kuacha masomo. Hula alichopikiwa, na hujifunza kusalimu kwa lugha ya wenyeji.

Mwenyeji mwema naye hufagia nyumba, husafisha choo, huchemsha maji ya kunywa. Akiisha kutaja bei, haibadili.

Katika Kongo pia wako Watwa karibu na Kahuzi-Biega, na Wambuti katika msitu wa Ituri. Hao nao ni wenyeji wenye elimu kubwa ya msitu. Anayekwenda kwao aende kama mwanafunzi anayekwenda kwa mwalimu, wala asisahau kumlipa mwalimu haki yake.

Maneno

Hifadhi: pori linalolindwa na serikali.
Kibarua: mtu anayelipwa kwa kazi ya siku.
Kupekecha: kuzungusha kijiti kwa nguvu juu ya kingine.

Maulizo

1. Watwa walipata nini msituni?
2. Watwa walipatwa na nini mwaka 1991?
3. Katika mfano wa hesabu, mwenyeji wa pili alimzidi wa kwanza kwa dola ngapi?
4. Mgeni akifika kijijini kwenu, mtamfundisha nini?
5. Mgeni akiisha kwenda, mtajuaje kama mwenyeji amepona?