Menyu Ndogo Irudi Ilikotoka

Swali: Programu yangu ya Python ya duka ina menyu kuu na menyu ndogo ya bidhaa. Nikichagua "Toka", wakati mwingine menyu ya bidhaa hujitokeza tena. Kosa liko wapi?

Jibu: Dalili hiyo inaonyesha kwamba, kwenye chaguo la kurudi, menyu ya bidhaa inaita menyu_kuu(). Huko si kurudi. Ni kufungua menyu kuu ya pili juu ya ile ya kwanza, ambayo bado inasubiri chini. Ukitoka kwenye ya pili, Python hurejea pale ilipoitwa, yaani ndani ya menyu ya bidhaa, na kitanzi chake kinaendelea. Dawa ni neno moja: return. Kila menyu iwe fanksheni yenye while True yake. Menyu kuu iite menyu ndogo, na menyu ndogo ikimaliza iseme return tu. Kitanzi cha menyu kuu kitachapisha machaguo yake chenyewe.

Wapo watakaosema kuitana huku hakuna madhara, kwa kuwa kikomo cha kawaida cha miito iliyopandana ni 1000. Lakini kila kwenda na kurudi huongeza miito miwili, na muuzaji anayeiacha programu wazi kutwa anaweza kukatizwa na RecursionError katikati ya mauzo. Hata asipofika huko, kutoka kumeshaharibika tangu anaporudi mara ya kwanza. Angalia pia kwamba input() huleta maandishi: kama chaguo la kutoka ni 0, linganisha na "0", si 0, la sivyo chaguo hilo halitakubalika kamwe.