HADENA YA FAIBA: SI GUNDI, SI MCHEZO



Somo la toleo hili ni la mafundi wa jua kali, vijana wanaojifunza kazi kwao, na wazazi wa vijana hao. Tunataka kuongea juu ya ile dawa ya maji-maji inayotiwa kwenye risini ya faiba ili igande, na ndugu yake, ile rojo ya tyubu inayochanganywa na fila ya kuziba bodi ya gari. Mafundi wanaziita zote hadena. Kazi yenyewe ni nzuri, na bampa ya matatu au tangi la maji likizibwa vizuri karo inapatikana. Shida ni kwamba hadena nyingine inauzwa kwa kupimiwa katika chupa ya soda, haina kibandiko, na inakaa dirishani penye jua. Tuseme wazi: muuzaji anayefanya hivyo anafanya vibaya, hata akiwa rafiki yetu.

Hii kitu ni nini hasa? Ile ya maji kwa kawaida ni methili ethili ketoni peroksaidi, na kwenye kibandiko utaona herufi MEKP. Ile ya tyubu ni benzoili peroksaidi. Neno la kushika hapo ni peroksaidi. Maana yake ni kwamba atomu mbili za oksijeni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na mshiko huo ni dhaifu. Ikipata joto, au ikiguswa na madini fulani, zinaachana. Vile vipande vinavyobaki havitulii. Vinakamata staireni iliyo ndani ya risini, nayo inakamata jirani yake, mpaka uji wote unakuwa kitu kimoja kigumu. Ndiyo maana kopo la risini linapata moto mkononi. Risini haikauki kama rangi ya ukuta, inajipika yenyewe.

Kazi hiyo inataka kiasi kidogo tu, kama gramu 10 hadi 20 kwa kilo 1 ya risini, kulingana na maagizo ya kiwanda. Anayemimina kwa macho ili amalize haraka anapata faiba yenye nyufa, na risini nyingi ikiachwa ndani ya kopo inaweza kutoa moshi.

Kiwanda hakiuzi MEKP tupu. Huchanganywa na mafuta maalum ya kuituliza, kwa sababu ikiwa tupu inaweza kulipuka kwa kugongwa au kwa joto. Hayo mafuta ni kama breki ya gari. Hata hivyo breki si ukuta. Katika maduka mengine fundi hupewa chupa tatu: risini, hadena, na kobalti ya kuharakisha, ambayo ni ya rangi ya zambarau. Kobalti huchanganywa kwanza na risini mpaka ienee kabisa, halafu ndipo hadena inatiwa. Hadena na kobalti zisikutane peke yake hata tone, wala zisipimwe kwa kifuniko kimoja. Zikikutana zinachemka ghafla, zinawaka, na zinaweza kulipuka.

Sasa tufike kwa fataki. Mwisho wa mwaka ukikaribia, vijana wengine wanaanza kutafuta vitu vya kupigisha kelele usiku wa Mwaka Mpya. Ng'ambo wako watu ambao kutengeneza fataki na roketi ndogo ni burudani yao, na wengine wao wametumia risini na hadena kushikanisha unga wao. Kijana akisikia hivyo anafikiri hadena ni gundi tu. Fataki tayari ina kitu cha kuungua na kitu cha kutoa oksijeni. Ukileta peroksaidi hapo umeleta kitu chenye vyote viwili ndani yake, tena kinachojipasha joto, karibu na unga wa madini unaoweza kukiharakisha. Saa ya kuwaka haichaguliwi na wewe. Kinaweza kungoja, kikawaka wakati umekiinamia. Tena hapa Kenya kutengeneza fataki bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115.

Asifikiri mtu kwamba ni ujinga wa vibandani tu. Tarehe 14 Julai 1964, ghala lilishika moto huko Shinagawa, Tokyo. Wazima moto walikuwa kazini wakati MEKP iliyowekwa pale ilipolipuka, na 19 kati yao wakafa. Mwaka 2017, mafuriko yalizima umeme katika kiwanda cha Arkema kule Crosby, Texas. Peroksaidi zao zilikuwa za aina inayotaka baridi wakati wote. Friji zilipozima, zilijipasha joto na kuwaka bila mtu kuwasha kiberiti.

Ya kwetu haihitaji friji, lakini inataka kivuli, mahali penye hewa, mbali na jiko na mashine ya kuwelda, ndani ya chombo chake cha kiwandani. Ikimwagika, funika kwa mchanga safi. Usipanguse kwa matambara au mabaki ya mbao na kuyarundika pembeni, yanaweza kujiwasha baadaye.

Lakini ajali ambayo wanafunzi wa kazi wanaikaribia kila siku ni ya macho. Tone moja la MEKP linaweza kupofusha. Hapa hakuna kutafuta gari kwanza. Fungua jicho kwa vidole, mwagia maji safi mengi papo hapo kwa dakika 15 au zaidi, ndipo uende hospitali na chupa mkononi, hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu jicho linaweza kuendelea kuharibika. Mtu akiinywa akidhani ni maji, asitapishwe. Asukutue kinywa na akimbizwe hospitali.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo: Ni vibanda vingapi vya faiba na fila katika eneo letu, na kuna mtungi wa maji safi karibu na meza ya kazi? Mwanafunzi anapewa miwani ya kazi, au anaambiwa atanunua akianza kulipwa? Nani atakwenda kuongea na muuzaji wa chupa za soda, na lini?