Regyuleta ya Kuzamia na Maji ya Chumvi: Mnunuzi wa Kilwa na Lindi Atazame Nini?

Katika somo hili tunaizungumzia regyuleta, yaani kifaa kinachopunguza mgandamizo wa hewa ya mtungi ili mzamiaji aweze kuivuta akiwa chini ya maji. Wanaoinunua katika mwambao wa Kilwa na Lindi si wengi: waongoza wageni, watafiti wanaochunguza mabaki ya kale yaliyozama, mafundi wa kazi za baharini. Uchache huo ndio uliotusukuma kuandika. Anunuaye sufuria mbovu ataonywa na jirani. Anunuaye regyuleta mara nyingi hana jirani wa kumwuliza.

Mtungi uliojaa huwa na mgandamizo wa takriban baa 200. Hatua ya kwanza ya regyuleta, ile inayofungwa kwenye mtungi, huushusha hadi takriban baa 10 juu ya mgandamizo wa maji yaliyomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, hutoa hewa kila avutapo pumzi. Kutu ya kuogopwa zaidi hukaa ndani ya hatua ya kwanza, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa sababu hiyo, kuivuta pumzi dukani na kuona kwamba hewa inakuja vizuri hakuthibitishi jambo kubwa. Katika kina cha meta 20 mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu ya maji, na kila pumzi hubeba hewa mara tatu. Chujio lililozibwa nusu na chumvi huweza kumtosheleza aliyesimama kaunta na kumnyima aliye chini, hasa mtungi unapokaribia kwisha.

Madini yanayong'aa na yanayodumu

Regyuleta nyingi hutengenezwa kwa shaba ya njano iliyopakwa kromu. Shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ni madini mazuri kwa kazi hii maadamu ngozi ya kromu haijachubuka. Ikichubuka, chumvi hupenya na kutu ya kijani huchipuka. Chuma cha pua kisichoshika kutu ni kigumu zaidi, lakini jina lake linakipa sifa kupita kiasi: katika mianya finyu inayohifadhi maji ya chumvi, nacho hutoboka vitundu vidogo vidogo. Titani ndiyo inayoishinda bahari karibu kabisa, na ni nyepesi, ila ni ghali, na watengenezaji wengi hukataza kuitumia na hewa iliyoongezwa oksijeni. Tena mwili wa titani haumaanishi kuwa springi, chujio na vipete vya mpira vya ndani ni vya titani. Muuzaji asemaye “haishiki kutu kabisa” aombwe aliandike neno hilo kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo yanayompotosha mtumiaji.

Kwa maoni yetu, kwa fedha ileile, mnunuzi wa mwambao huu apime kwanza namna kifaa kilivyofungwa kabla ya kupima madini yake. Baadhi ya regyuleta za pistoni huacha maji ya bahari yaingie na kuizunguka springi. Zile za kiwambo zilizofungwa kikamilifu huyazuia nje, pamoja na mchanga na tope. Muundo huo ulikusudiwa kuzuia kuganda kwa barafu katika nchi za baridi. Huku kwetu twaununua kwa ajili ya chumvi. Kwa hiyo maandishi “EN 250 >10 °C”, yanayoonyesha kwamba kifaa kinafaa katika maji yenye joto linalozidi nyuzi 10 tu, yasikutie shaka. Kinachopaswa kukutia shaka ni alama ya CE isiyofuatwa na tarakimu nne za chombo kilichothibitisha ubora.

Anayenunua iliyokwisha kutumika afungue kifuniko cha vumbi na kulitazama chujio kwenye mwanga. Rangi ya kijani ni dalili kwamba maji ya bahari yaliingia. Rangi ya kahawia huashiria kutu iliyotoka ndani ya mtungi wa chuma, na unga mweusi huashiria hewa iliyojazwa kwa mashine yenye machujio mabovu. Ukikuta kijani, bei iwe ndogo kiasi gani, usiipeleke majini kabla fundi aliyefunzwa hajaifungua.

Maji baridi na vipuri

Mwongozo wa mtengenezaji husema kifaa kisuuzwe kwa maji baridi kila baada ya kuzamia. Kwetu agizo hilo si jepesi, kwani visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvichumvi. Tunashauri ndoo mbili: ya kwanza ya maji ya kisima, ya mwisho ya maji ya mvua. Suuza kabla chumvi haijakauka, kifuniko cha vumbi kikiwa kikavu na kimefungwa barabara, na usibonyeze kitufe cha hatua ya pili ndani ya maji, kwa maana maji yatapanda hadi ndani. Anika kivulini. Usipake mafuta ya mashine.

Hata iliyotunzwa hivyo huhitaji kufunguliwa na kubadilishiwa vipete kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida kila mwaka au miaka miwili. Basi kabla ya kulipa, uliza: vipuri vyake vinapatikana nchini? Ni nani anayeihudumia, na yuko wapi? Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, na safari zikasimama kwa siku kadhaa. Regyuleta ya shaba ambayo fundi wake yuko Dar es Salaam ina faida kwako kuliko ya titani ambayo vipete vyake huagizwa ng'ambo.

Dai risiti ya EFD yenye jina la aina na namba ya kifaa. Ikiwa kimeonyesha kasoro, usikifungue mwenyewe. Kifunge jinsi kilivyo, pamoja na boksi na kijitabu chake, umrudishie muuzaji, na akikataa ulipeleke lalamiko lako kwa maandishi katika Tume ya Ushindani.